Mtoto Mgeni na Baridi Yake ya Kwanza: Mwongozo kwa Wazazi, Walezi na Walimu

Familia nyingi za Wakongo na Warundi walioishi miaka mingi katika kambi za Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma huko Turkana na Nakivale kusini-magharibi mwa Uganda leo zinaishi Winnipeg, Des Moines, Grand Rapids au Portland katika jimbo la Maine. Watoto wao huandikishwa shule mara tu baada ya kufika. Wakianza Septemba, hali ya hewa haina neno: jua lipo, kaptura zinavaliwa, mpira unachezwa. Mambo hugeuka Oktoba ikielekea ukingoni. Januari ikiingia, mtoto aliyezaliwa Kigoma anatakiwa asimame kituoni kusubiri basi katika baridi ambayo hata wazazi wake hawajawahi kuionja.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi na walezi wa mtoto huyo, pamoja na walimu, wakalimani na majirani wanaotaka kumsaidia. Msingi wake ni mmoja: kuishi na baridi ni jambo la kufundishwa. Mtoto mwenyeji hakuzaliwa akijua kuvaa suruali ya theluji. Alivishwa, akaelekezwa, akakumbushwa kila asubuhi tangu alipoanza kutembea. Mtoto mgeni hutarajiwa ayajue yote hayo kwa wiki moja, tena bila mwalimu. Akichelewa kuvaa, huonekana mzembe. Akigoma kutoka nje, huonekana mkaidi. Akisinzia darasani, watu husema hapendi shule. Mara nyingi tatizo ni kwamba hakuna aliyemfundisha.

Mifano mingi ya hapa inatoka Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba nchini Kanada, kwa kuwa baridi yake ni kali kuliko ya miji mingi mikubwa ambako wasemaji wa Kiswahili wameweka makazi. Anayeimudu baridi ya Winnipeg hatashindwa na ya Maine wala ya Des Moines.

Jifunze kusoma namba za baridi

Usiku wa Januari mjini Winnipeg halijoto hushuka kwa wastani hadi nyuzi 21 za Selsiasi chini ya sifuri, na nyuzi 30 chini ya sifuri si ajabu. Friji ya kugandishia nyama nyumbani huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo kuna asubuhi nyingi ambazo mtoto wako anatoka kwenda mahali penye baridi kuliko ndani ya friji hiyo.

Anayeishi Marekani ana mtego mwingine, kwa sababu huko halijoto hutangazwa kwa Farenhaiti. Mzazi aliyezoea Selsiasi akiona simu yake imeandika 20, anaweza kudhani ni asubuhi nzuri kama ya Bukavu, akamvalisha mtoto sweta na kumtoa nje. Nyuzi 20 za Farenhaiti ni karibu nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Kariri namba tatu zitakazokuokoa: maji huganda kwenye 32 za Farenhaiti, sifuri ya Farenhaiti ni sawa na nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, na 40 chini ya sifuri ni baridi ileile kwa vipimo vyote viwili.

Namba ya pili ya kuangalia ni ubaridi wa upepo. Mwili hujitengenezea tabaka jembamba la hewa ya joto juu ya ngozi, na upepo hulipeperusha tabaka hilo. Kukiwa na nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili huhisi kama ni nyuzi 33 chini ya sifuri. Idara ya hali ya hewa ya Kanada hutoa tahadhari hivi: ubaridi wa upepo ukifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30; ukifika 40 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Matembezi ya kawaida kutoka nyumbani hadi shule yanaweza kuzidi muda huo.

Mpe mtoto mkubwa kazi ya kusoma namba hizi mbili kwa sauti kila asubuhi, wakati familia inakunywa chai. Baada ya wiki chache atakuwa anajua mwenyewe siku ya kofia nyepesi na siku ya kufunika uso mzima.

Kuvaa kwa matabaka

Koti moja nene halitoshi. Siri ya wenyeji ni matabaka matatu.

Tabaka la kwanza linagusa ngozi. Liwe jembamba, la sufu au poliesta, refu kufika kwenye vifundo vya mikono na miguu. Epuka fulana ya pamba siku za baridi kali: pamba hunyonya jasho na kubaki mbichi, na nguo mbichi hufyonza joto la mwili. Tabaka la pili hutunza joto, nalo ni sweta la sufu au la flisi. Tabaka la tatu huzuia upepo na theluji: koti lenye kofia na zipu inayofika kidevuni, pamoja na suruali ya theluji inayovaliwa juu ya suruali ya kawaida.

Kwenye mikono, glavu zisizotenganisha vidole zina joto zaidi kuliko zenye vidole, kwa sababu vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Mabuti yawe na nafasi ya kutosha mtoto achezeshe vidole vya miguu. Wazazi wengi humvalisha mtoto soksi tatu ndani ya buti linalobana wakidhani wanamsaidia, kumbe buti linalobana huzuia damu kufika vidoleni, na mguu huzidi kupoa. Soksi moja nzito ya sufu ndani ya buti la saizi nzuri inatosha.

Kwa watoto wadogo, acha skafu ndefu. Inaweza kunasa kwenye bembea au mlango wa basi na kumkaba. Nunua kitambaa cha shingo cha mviringo kinachovaliwa kwa kupitisha kichwani na kuvutwa hadi puani.

Wasichana wanaovaa hijabu wanahitaji kofia pana inayoingia juu yake, au kofia nyembamba ya flisi inayovaliwa chini yake. Wale wenye rasta au misuko minene wapimwe kofia wakiwa wamesukwa, maana kofia iliyonunuliwa kabla ya msuko mara nyingi haiingii baada yake, na mtoto huishia kuibeba mkononi masikio yakiwa wazi. Misuko huchukua muda mrefu kukauka. Osheni nywele Ijumaa usiku au Jumamosi, msioshe alfajiri ya siku ya shule. Sufu pia hukwangua na kukausha nywele, kwa hiyo kofia yenye kitambaa laini cha satini ndani itazilinda.

Jambo la gari linawapita wengi: usimfunge mtoto mdogo mkanda wa kiti cha gari akiwa amevaa koti nene. Gari likigongwa, koti hubonyea na mkanda hubaki umelegea. Mvue koti, mfunge mkanda ukae sawasawa kifuani, kisha mfunike na koti hilohilo kwa juu.

Mpangilio wa kuvaa

Mapumziko katika shule nyingi za msingi huchukua kama robo saa. Mtoto mwenyeji huvaa kwa dakika mbili au tatu. Mtoto mgeni huanza na glavu, akashindwa kufunga zipu, akavua glavu, akavaa mabuti, akagundua suruali ya theluji haipiti juu ya mabuti, akavua mabuti. Anapofika uwanjani, kengele imelia. Siku ya tatu au ya nne huacha kabisa kuhangaika, akajificha chooni au akasema anaumwa tumbo.

Mpangilio wenyewe ni huu: suruali ya theluji kwanza, kisha mabuti, kisha koti, kisha kitambaa cha shingo, kisha kofia, na glavu mwisho kabisa. Fanyeni mazoezi nyumbani jioni, mtoto akishindana na ndugu zake. Mwonyeshe jinsi ya kushusha mguu wa suruali ya theluji uje juu ya buti ili theluji isiingie, na jinsi ya kuingiza ncha ya glavu ndani ya mkono wa koti. Andika jina lake kwa wino usiofutika ndani ya kila kitu, hata kila glavu. Kwenye korido ya shule kuna makoti meusi mengi yanayofanana, na mtoto asiyejua Kiingereza vizuri hawezi kubishania la kwake.

Shule nyingi za Kanada humtaka mtoto awe na jozi mbili za viatu: mabuti yanayoachwa mlangoni, na raba za kuvaa ndani. Usipomnunulia raba za ndani, atashinda na mabuti mazito darasani miguu ikitoa jasho, na jasho hilo ndilo litakalomgandisha saa ya kurudi nyumbani.

Kupata nguo bila kuingia deni

Hakuna aibu kuvaa mitumba. Wenyeji wenyewe huvaa. Maduka ya nguo zilizotumika huwa na makoti mazuri, hasa Septemba kabla ya msongamano. Kagua zipu kwa kuifunga na kuifungua, tazama kama soli ya buti imepasuka, na ukunje buti uone kama kuna nyufa za kuingizia maji. Mwezi Machi na Aprili maduka ya kawaida hupunguza bei ya makoti. Nunua ya mwaka ujao, saizi moja juu.

Mjini Winnipeg kuna mpango uitwao Koats for Kids unaogawa makoti kwa watoto bila malipo. Marekani, shirika la Operation Warm limekuwa likitoa makoti mapya kwa watoto tangu 1998. Kwa huduma nyingine za karibu yako, piga 211. Namba hii inafanya kazi Kanada na sehemu kubwa ya Marekani, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Mwambie pia mwalimu au ofisi ya shule waziwazi kwamba mtoto hana koti. Shule nyingi huwa na akiba ya nguo ambayo haitangazwi.

Njia ya kwenda na kurudi

Kubalianeni na mtoto juu ya mambo matatu. La kwanza ni basi: akae ndani hadi dakika chache kabla ya basi kufika, na ajue la kufanya lisipokuja, yaani kurudi nyumbani mara moja. Siku za baridi kali au dhoruba ya theluji mabasi hufutwa, na pengine shule hufungwa. Taarifa hutolewa alfajiri kwa ujumbe wa simu au kwenye tovuti ya shule. Hakikisha ofisi ya shule ina namba yako ya sasa, na uulize kama ujumbe unaweza kuja kwa Kiswahili.

La pili ni ufunguo. Nyumbani kwetu mtoto akikuta mlango umefungwa hukaa barazani, au huenda kucheza hadi mama arudi. Katika nyuzi 25 chini ya sifuri, saa moja ya kukaa barazani inaweza kumpeleka hospitali. Kila mtoto anayerudi peke yake awe na ufunguo uliofungwa ndani ya mfuko wa koti, na ajue mlango wa jirani mmoja anaoweza kuugonga bila hofu. Mpeleke kwa jirani huyo akamsalimie kabla haijatokea haja.

La tatu ni barafu. Theluji ikiyeyuka kidogo mchana na kuganda usiku huacha barafu nyembamba juu ya lami, na lami huonekana imelowa tu. Mfundishe kutembea hatua fupi, akikanyaga kwa unyayo mzima, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, mikono ikiwa nje ya mifuko ili ajizuie akiteleza. Asikimbie kuvuka barabara, kwa kuwa magari nayo hayasimami haraka kwenye barafu. Asichimbe mapango kwenye vichuguu vya theluji vilivyo kando ya barabara. Magari ya kusukuma theluji hupita hapo, na dereva hawezi kumwona.

Maji yaliyoganda yanataka onyo la peke yake. Watoto waliokulia karibu na Ziwa Tanganyika au Ziwa Kivu hawana uoga wa maji, lakini hawajawahi kuona ziwa linalotembelewa juu. Mito ya Red na Assiniboine inayokutana Winnipeg huganda, na eneo la The Forks huandaliwa njia rasmi ya kuteleza ambako unene wa barafu hupimwa. Nje ya njia iliyofunguliwa rasmi, mtoto asikanyage barafu ya mto, ziwa wala bwawa, hata akiona wengine wamekanyaga.

Usimfungie ndani

Mzazi akishayajua hayo yote, anaweza kushawishika kumwandikia mwalimu abaki ndani kila siku. Tafadhali usifanye hivyo. Shule huwatoa watoto nje wakati wa baridi kwa makusudi, na kila shule ina kiwango cha baridi ambacho kikifika watoto wote hubaki ndani. Uliza shule yako kiwango chake, uridhike, kisha mwache mtoto acheze.

Sababu yake ni kubwa kuliko mazoezi ya viungo. Uwanjani ndiko mtoto hujifunza Kiingereza ambacho hakimo kwenye kitabu, na ndiko hupata rafiki wa kwanza. Anayebaki ndani peke yake akitazama wenzake kupitia dirishani hupoteza robo saa ya lugha na urafiki, mara mbili au tatu kila siku, kwa miezi mitano. Aliyevaa vizuri hacheki tu na wenzake. Hujikuta ameitwa kwenye timu, amesukumwa kwenye kijilima cha theluji, ameambiwa jina la kila kitu.

Wala baridi yenyewe haileti mafua. Mafua huletwa na virusi, navyo huenea zaidi watu wanapojazana ndani na madirisha yamefungwa. Kinga bora ni kunawa mikono na chanjo ya mafua, ambayo hutolewa kila mwaka kuanzia majira ya mapukutiko kwa watoto wa miezi 6 na kuendelea.

Dalili za hatari na huduma ya kwanza

Watoto hupoteza joto haraka kuliko watu wazima, kwa kuwa ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito wao. Zaidi ya hapo, tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Uingereza na wa Marekani zimeonyesha kuwa watu wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kirahisi zaidi kuliko wenzao. Mwalimu anayedhani mtoto mgeni analalamika kupita kiasi anapaswa kulijua hili.

Jeraha la kuganda huanza puani, masikioni, mashavuni, vidoleni na kwenye vidole vya miguu. Kwanza pana uchungu na kuchomachoma, kisha ganzi. Vitabu vingi hueleza ngozi inayogeuka nyekundu au nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani vizuri. Tafuta sehemu iliyopauka na kuwa ya kijivu au ya majivu, inayong'aa kama imepakwa nta, na ngumu ukiigusa. Mtoto akisema vidole vilivyokuwa vinauma sasa haviumi tena, wala hajaingia ndani, hiyo si nafuu. Ni dalili mbaya.

Mwingize ndani. Mvue vilivyolowa. Tumbukiza sehemu iliyoganda kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi, uliyoyapima kwa kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Usisugue, usipake theluji, usimweke karibu na moto au hita, kwani ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Ikitoka lengelenge, au ganzi isipoondoka, mpeleke hospitali.

Kibaya zaidi ni mwili mzima kupoa chini ya nyuzi 35 za Selsiasi. Mtoto hutetemeka sana, huanza kuongea kwa kuburuta maneno, hujikwaa, huchanganyikiwa, husinzia. Kutetemeka kukikoma kabla hajapata joto, hali imezidi. Piga 911, mvue nguo mbichi, mfunike mablanketi, mkumbatie umpashe joto kwa mwili wako. Ukipiga simu hiyo sema "Swahili" na anwani yako. Utaunganishwa na mkalimani.

Mfundishe mtoto, hata wa chekechea, sentensi tatu za Kiingereza: kwamba anahisi baridi sana, kwamba vidole vinauma, na kwamba hahisi vidole vyake. Wengi huumia kwa kukosa namna ya kusema.

Nyumbani: joto salama na ngozi yenye afya

Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya nyumba hizi. Madirisha yamezibwa barabara ili joto lisitoke, na hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni haitoki pia. Haina harufu wala rangi, na huua familia ikiwa usingizini. Usiwashe mkaa ndani, usiingize jiko lenye makaa yanayofuka, na usitumie oveni ya gesi kupashia nyumba joto. Gari nalo lisiachwe likinguruma ndani ya gereji. Hakikisha nyumba ina king'ora cha monoksidi ya kaboni na cha moshi, na kila kimoja kina betri. Hita ya umeme ikae mita moja mbali na pazia, godoro na nguo, na ichomekwe moja kwa moja ukutani. Nyumba ikikosa joto, mpigie mwenye nyumba. Miji mingi ya kaskazini ina sheria inayomlazimisha kuhakikisha nyumba ina joto la kutosha.

Hewa ya ndani huwa kavu mno. Watoto hutokwa damu puani, midomo hupasuka, ngozi hupauka na kuwasha, na blanketi likivuliwa gizani hutoa cheche ndogo zinazowatisha wadogo. Waelezeni kwamba cheche hizo hazina madhara. Baada ya kuoga kwa maji ya uvuguvugu, mpake mtoto mafuta mazito kama vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu, na apewe maji ya kunywa hata kama haoni kiu.

Giza, usingizi na moyo wa mtoto

Karibu na ikweta mchana huwa karibu saa 12 mwaka mzima. Winnipeg, Desemba ikifika tarehe 21, jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Mtoto huenda shule gizani na kurudi jua likizama. Juni hali hugeuka: jua huzama saa tatu na dakika arobaini usiku, na watoto hukataa kulala kwa sababu "bado mchana". Weka pazia zito, na ushike saa ya kulala ileile majira yote.

Giza huathiri hisia. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayorudi kila majira ya baridi na kuondoka mchana unaporefuka. Mtoto anayelala kupita kiasi, anayejitenga, anayekosa hamu ya michezo aliyoipenda, au anayeshuka darasani kuanzia Novemba anahitaji msaada. Hana pepo wala uvivu. Mtoe nje mchana siku za mapumziko wakati jua lipo, zungumza na mshauri wa shule, na mwone daktari hali ikizidi wiki mbili. Kumbuka pia kwamba baadhi ya watoto hawa wana majonzi mengine ya nyuma, na giza huyaamsha.

Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole zaidi katika jua hafifu. Kanada imeweka sheria ya kuongeza vitamini hiyo kwenye maziwa ya ng'ombe. Asiyepatana na maziwa anaweza kuipata kwenye samaki wenye mafuta au vinywaji vya soya vilivyoongezwa vitamini. Kiwango kinachopendekezwa kuanzia umri wa mwaka mmoja ni yuniti 600 kwa siku. Muulize daktari kabla ya kumpa vidonge.

Kwa mwalimu wa darasa

Mwonyeshe mtoto kwa vitendo, kwa kuwa maelezo pekee hayamfikii. Mruhusu aanze kuvaa dakika tano kabla ya wengine kwa wiki za mwanzo. Mpe mwenzake mmoja wa kumwongoza uwanjani. Weka sanduku la glavu na soksi kavu darasani ambalo yeyote huchukua bila kuomba. Barua ya safari ya nje iwe na picha za nguo zinazohitajika, maana mzazi anaweza asijue "nguo za nje" ni zipi. Mtoto akija bila koti, zungumza na mzazi faragha, usimwulize mtoto mbele ya wenzake.

Kwa mwanafunzi wa chuo

Kijana anayekuja kusoma shahada peke yake anahitaji mambo mawili ya ziada. Kama ndege inafika Januari, awe na sweta, kofia na glavu kwenye begi la mkononi, kwani begi kubwa linaweza kuchelewa na mlango wa uwanja wa ndege ukawa ndipo anapokutana na baridi. Koti la kweli alinunue kulekule. Na asitembee usiku peke yake akiwa amelewa. Pombe hupanua mishipa ya ngozi: humfanya ahisi joto huku mwili ukipoteza joto lake, na husahaulisha tahadhari.

Kalenda ya mwaka mzima

Agosti na Septemba: pima saizi, nunua mabuti na koti, uliza shule taratibu za baridi. Oktoba: chanjo ya mafua, mazoezi ya kuvaa, ufunguo na jirani. Novemba: kagua ving'ora, rudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi katika maeneo mengi ya Marekani na Kanada. Desemba hadi Februari: soma namba kila asubuhi, angalia ngozi na hisia za mtoto. Machi: sogeza saa mbele Jumapili ya pili, nunua nguo za mwakani. Usimvue mtoto koti kwa sababu ya siku moja ya jua. Theluji ya Aprili ni jambo la kawaida.

Neno la mwisho ni kwa ndugu ambao wamekwishapita majira matatu au manne ya baridi. Hakuna kijitabu kinachomfundisha mama mgeni kuchagua buti kama mama mwenzake anayesema lugha yake na aliyewahi kukosea saizi. Kabla Oktoba haijaisha, tafuteni kanisani, msikitini au kwenye jengo lenu familia moja iliyofika mwaka huu, mwende nayo dukani, na mumvishe mtoto wao mara ya kwanza mbele ya macho ya wazazi wake. Mkimfundisha mmoja leo, mwaka ujao atawafundisha wengine.